Walimtoa mama yangu baharini: kisiwani Mtwara, wapi ulale na wapi usiende

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Kuna mdau aliuliza humu jukwaani, mtu akitaka likizo ya kisiwani huko kusini akae wapi, ale nini, atembee wapi. Wengi wakamwelekeza Zanzibar na Mafia, wengine wakamcheka kwamba Mtwara kuna nini zaidi ya korosho. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, kila nikianza kuandika hasira zinapanda upya. Nikaona bora nifungue uzi niseme yote.

Haya yamenikuta mimi na mama yangu mzazi. Sijaongeza wala sijapunguza. Jina la hoteli silitaji ili uzi usifutwe.

Kwanza mnijue. Nina duka la dawa Dodoma, lakini kwetu ni Mahurunga, kule karibu na mto Ruvuma. Mama anaishi huko na mikorosho yake na shamba la muhogo.

Ila mama hakuzaliwa Mahurunga. Ni mtoto wa pwani kabisa. Aliolewa akiwa binti, akahamia shamba, akazaa, akalima, na bahari akawa anaiona kwa kubahatisha tu, akienda msibani au hospitali Mtwara mjini.

Mwaka jana baba akafariki. Mama akakaa eda, ndani, kimya, watu wanaingia na kutoka. Alipomaliza nikampigia kumuuliza nimletee nini. Nilidhani atasema vitenge au simu mpya.

Akasema, "Nataka kuoga bahari, mwanangu. Si kuiangalia. Kuoga."

Wakuu, mama yangu hajawahi kuniomba kitu. Tangu nianze kazi, chochote nilichompa nilikibuni mwenyewe. Kwa hiyo hilo ombi lilinikaa. Nikasema safari hii hatuendi kwa shangazi kulala chini. Namlipia mama hoteli, chumba kinachotazama maji, ahudumiwe kama watu wengine.

Nikatafuta mtandaoni nikaona hoteli moja kwenye kisiwa kidogo ndani ya ghuba ya Mnazi. Upande mmoja wa kisiwa kuna kijiji, upande wa pili hoteli. Picha nzuri, mchanga mweupe, vitanda vya kamba chini ya makuti. Nikapiga simu. Nikasema wazi kwamba ni mimi na mama mzazi, mtu mzima, na anakuja kwa ajili ya kuoga bahari. Dada aliyepokea akasema karibuni sana.

Nikalipa full board, chumba na milo yote. Bei haikuwa ya kitoto.

Kwa anayetaka kwenda, Mtwara mjini tulilala Chuno, gesti ya kawaida, safi, maji yanatoka, na asubuhi unatembea kwa miguu kutafuta chai. Kula ming'oko, usiogope. Ni mizizi ya porini, inachemshwa, inauzwa barabarani, unamenya unakula na chumvi na pilipili. Mikindani nayo usiipite. Tulizunguka vichochoro vyake taratibu kwa sababu ya goti la mama, tukala samaki wa kukaanga na muhogo kwa mama mmoja pembeni ya barabara. Mpaka hapo safari ilikuwa tamu.

Kesho yake tukachukua gari hadi Msimbati, tukavuka kwa boti ya hoteli. Mama alikaa ubavuni, mkono ameuchovya kwenye maji njia nzima. Nilimwangalia nikafurahi peke yangu.

Tulipofika tukapewa juisi. Mama akaswali adhuhuri, akala kidogo, akaniambia yuko tayari. Akavaa dera lake la zamani, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Nikamsindikiza hadi majini. Akaingia polepole, maji yakafika kifuani, akafumba macho. Akasema, "Nenda kaniletee kanga kavu. Mimi niache hapa."

Nikaenda chumbani. Sikukawia.

Niliporudi, mama hayupo majini.

Nikaanza kukimbia ufukweni naita. Nikamwona mlinzi amesimama kando ya njia, ameangalia chini. Nikamuuliza mama yuko wapi, akanionyesha kwa mkono nyuma ya jiko.

Nikamkuta mama amesimama pale zinapowekwa ndoo za taka. Dera limemganda mwilini, maji yanamtiririka, amejikunyata na kanga moja iliyolowa anajaribu kujisitiri. Mama yangu, ambaye mimi mwenyewe sijawahi kumwona hata kichwa wazi mbele ya wanaume. Wapishi wa kiume wanapita na masufuria, wanageuza nyuso. Angalau wao walikuwa na haya.

Nikamfunika. Nikamuuliza imekuwaje.

Akasema, "Nimewaudhi watu. Yule kijana mlinzi kaja kuniambia nitoke. Kasema nipite huku nyuma, nisikatize kwa wageni." Halafu akaongeza, "Usigombe. Mimi ndiye sikujua."

Yaani aliyedhalilishwa ndiye anaomba radhi. Hapo ndipo nilipowaka.

Nikampeleka chumbani abadilishe, nikaenda kwa meneja. Ni mtu wa makamo, Mtanzania mwenzetu, shati limenyooka, ana sauti ya upole ile ya kukutuliza kabla hujasema neno. Akanikaribisha kiti. Sikukaa.

"Kaka, nani kamtoa mama yangu majini?"

"Dada, naomba radhi kama imetokea sintofahamu. Tuna utaratibu wa mavazi ya kuogelea."

"Huo utaratibu ni wa baharini? Bahari ni yenu?"

"Si hivyo. Ila wageni wanalalamika. Wamelipa kuja sehemu tulivu, wakiona mambo mengine wanaandika vibaya mtandaoni."

"Mambo gani? Mwanamke mzima kasimama kwenye maji kafumba macho. Kakosea nini?"

Akashusha sauti, kama ananipa siri kati ya watu wawili wanaoelewana. "Dada yangu, wewe ni mtu wa mjini, nielewe. Tatizo ni kwamba kwa mbali bi mkubwa anaonekana kama mwanakijiji. Mlinzi alidhani ametoka kule kijijini."

Nikamwambia, "Ni mwanakijiji. Na mimi pia."

Akaniahidi chakula cha jioni maalumu, na kama mama atapenda wangemtafutia swimming costume ya kufunika mwili. Nikamwambia chakula ale mwenyewe, na hiyo nguo avae mwenyewe.

Nisiwafiche, nilitamani kupindua ile meza. Lakini mama alishasema nisigombe. Nikarudi chumbani, nikafungasha. Boti ilikuwa haivuki tena siku ile. Nikamuuliza mama kama ataweza kutembea hadi kijijini. Akasema goti litafika tu.

Tukatoka mlango wa mbele, tukakatiza katikati ya wageni wote, mimi na mabegi, mama na kanga zake zilizolowa mkononi.

Kijijini tulimkuta mwanamke anaanika dagaa nje ya nyumba yake. Anaitwa Bi Zuhura. Mama akamsalimia, wakaulizana kwao wapi, nani kaoa wapi, na kabla sijaeleza shida yetu nilishaambiwa niingize mabegi. Alikuwa na chumba cha mwanawe aliyeko Mtwara mjini. Kitanda cha mbao, neti, shuka zinanukia sabuni. Choo kiko nje, kisafi kuliko vingi vya mjini.

Usiku ule tulikula pweza wa nazi na wali, na kachumbari ya embe bichi. Nimekula hoteli nyingi, pweza laini kama yule sijampata tena. Mdau uliyeuliza ule nini, jibu ndilo hilo.

Wakati tunakula Bi Zuhura akatuambia, "Kesho maji yanakupwa sana. Tunaenda kutafuta pweza na chaza. Twende wote."

Mama akasema atabaki.

"Goti?"

"Hapana. Nimeshawaudhi watu mara moja, inatosha."

Bi Zuhura akanitazama, nikamweleza. Akamwongezea mama mchuzi.

Asubuhi wakaja wanawake wa majirani, na ndoo zao, vikapu, na vyuma vyenye ncha vya kuchokolea kwenye mashimo ya pweza. Wakakaa kibarazani wakamsubiri mama. Hawakumbembeleza. Mmoja akauliza tu, "Mgeni bado anavaa?" Mama alijizungusha weee, mwisho akatoka na lile dera lake.

Maji yakiondoka pale, bahari inakuwa kama uwanja. Unatembea mbali kabisa, vidimbwi, mawe, nyasi za baharini. Mama akabadilika mbele ya macho yangu. Goti sijui lilienda wapi. Anainama, anageuza jiwe, analirudisha lilivyokuwa, anacheka na wenzake kwa Kimakonde na Kiswahili vimechanganyika. Akamtoa pweza mmoja kwenye shimo kwa mkono wake, akaninyooshea, nikaruka nyuma, wakanicheka wote.

Kwa kufuata mawe tukajikuta mbele ya ile hoteli. Hatukupanga. Miamba ndipo ilipo.

Meneja akashuka ufukweni. Akaja moja kwa moja hadi kwenye maji ya vifundoni, viatu mkononi.

"Akina mama, tulishaongea na mwenyekiti wenu wa kijiji. Naomba mpite mbali kidogo, wageni wanapata kifungua kinywa."

Bi Zuhura akamjibu, "Mbali wapi? Pweza hakai mbali."

Nikawa nasogea kumvaa. Mama akanishika mkono, akatangulia yeye.

"Hujambo, mwanangu?"

Yule bwana akashtuka, nadhani hakumtambua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako yupo?"

"Yupo, mama."

"Anajua kuogelea?"

"Hapana. Kwetu ni mbali na bahari."

"Basi mlete. Sisi tutamfundisha. Akija avae anachotaka."

Alisema bila kejeli, kwa sauti ile ile anayokaribishia watu chai. Halafu akampa mgongo, akaenda pale maji yalipoanza kuwa ya kina, akaingia na dera lake mpaka mabegani. Akazama kichwa. Akaibuka. Akazama tena. Wenzake wakaweka ndoo zao juu ya miamba wakamfuata. Wakaoga mbele ya hoteli, mbele ya wageni, mbele ya meneja aliyesimama na viatu mkononi hajui arudi au abaki.

Mimi nilikuwa nalia, nisidanganye.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike huu uzi, maana ningeweza kuishia hapo nikasema yameisha vizuri.

Wakati tunasubiri boti ya wanakijiji, wakaja mke na mume, watu wa Arusha, waliokuwa wageni pale hotelini. Yule mke akaniuliza kwa nini tuliondoka. Nikamwambia, si nyinyi mlilalamika?

Akashangaa kwelikweli. "Tulalamike nini? Tulikuwa watu wachache pale, sisi na bibi mmoja wa Kizungu. Yule bibi alipomwona mama yako alisema na yeye angependa kuingia na nguo, jua linamchoma. Tulidhani mama ameamua kutoka."

Hakuna mgeni aliyelalamika, wakuu. Hakuna hata mmoja.

Meneja alikaa ofisini kwake, akatazama dirishani, akawaza kwa niaba ya Mzungu kwamba mwanamke wa Kimakonde mwenye dera anachafua bahari. Akatuma mlinzi, ambaye naye ana mama mwenye dera kama lile. Tena ningeelewa kama ingekuwa amri ya tajiri kutoka nje. Hii tumejifanyia wenyewe.

Niliandika maoni yangu mtandaoni. Akanipigia, sauti ile ile, akanialika turudi bure kabisa mimi na mama ili nifute. Nikamuuliza kama ameshamwomba mama msamaha. Akasema, "Ndiyo maana nawaalika." Nikakata simu. Mpaka leo neno samahani kwa mama halijamtoka.

Nilichojifunza: usihadaike na picha. Kabla hujalipa, waulize wenye hoteli, watu kama nyinyi, wenye wazazi kama wenu, wanapokelewaje. Uliza mama akioga na nguo zake kuna shida? Wakijiumauma, hela yako ipeleke kwingine. Visiwa vile vina watu, na watu wana vyumba na pweza. Ukitaka kushuka upande wa mto Ruvuma, kule mpakani, ulizia kwanza wenyeji hali ya usalama ikoje, usijiendee tu. Anayetaka kulala kwa Bi Zuhura anitumie ujumbe PM, nimeshamwomba ruhusa.

Mama yuko Mahurunga. Akiwasimulia majirani ile safari, anaanzia Chuno, anapita Mikindani, anaruka moja kwa moja hadi kwa Bi Zuhura. Hoteli haipo kabisa kwenye simulizi yake. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Kule sikuoga."

Mliopo kwenye biashara ya utalii, karibuni mnijibu bila matusi: mkisema mgeni, huwa mnamwona nani kichwani?