Senene wa Projestus

Harufu ya senene, wale panzi wa kijani wa msimu, wakikaangwa niliijua miaka mingi kabla sijaijua ladha yao. Hawatiwi mafuta, wanajitoa mafuta wenyewe, na chumvi ikishaingia chunguni ile harufu inakufuata mpaka migombani. Kwetu, juu kidogo ya Nshamba, wanawake ndio tuliokwenda kuwakamata, tukawanyonyoa mabawa, tukawakaanga, tukawapelekea wanaume. Kula, hapana. Tuliambiwa mwanamke akiwala atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene, na nani angetaka kujaribu? Mdogo wangu Projestus, ambaye hata kamasi hajajua kufuta, aliketi kando ya Tata, baba yetu, akitafuna kwa sauti, makusudi nisikie. "Adventina, wewe kula mabawa!" Nami nacheka huku mate yamenijaa mdomoni.

Kisha mwaka ule surua ikapita kijijini, na msimu wa senene ukakaribia Projestus hayupo. Tulimzika kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, nyuma ya jiko. Wote waliokuja nawakumbuka: Ta Kaijage aliyechimba kaburi, Ma Paskazia na binti zake, Ma Leokadia jirani yetu, na Mama Zuhura, Mwislamu wa Kemondo aliyezoea kutuletea dagaa. Huyo alikaa kwenye nyasi karibu na Mama, akamshika mguu. Wengine walisema lile linalosemwa, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mama akainua uso. "Hii ina kosa," alisema. Watu wakatazama chini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini maneno kama hayo hatukuwahi kuyasikia yakitoka kwa mke wa mtu anayeongoza sala.

Maana Tata ndiye aliyetuongozea sala kigangoni, na nyumbani rozari ilikuwa kila jioni. Tangu mazishi, Mama alipiga magoti pamoja nasi, lakini mdomo aliufunga. Tata akisema sehemu yake, pale pa kuitikia panabaki shimo. Mimi nikawa nalijaza kwa sauti kubwa kupita kiasi, ili Mungu asigundue kwamba Mama hayumo. Niliogopa, waitu. Tulikuwa tumebaki mimi na mdogo wangu Ansila aliyekuwa bado ananyonya, na kwa akili yangu ya kitoto, Mungu akikasirika angerudi kumchukua Ansila. Ma Leokadia naye aliogopa hivyo hivyo, akamfuata Mama jikoni. "Mama Projestus, usimnunie Mungu, naye atakununia." Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya. "Aninunie. Tutakuwa wawili." Tata alisikia yote akiwa mlangoni. Hakumkemea. Akachukua panga akaenda kukata majani ya migomba yaliyokauka.

Asubuhi moja ya mvua za vuli nikaamshwa na sauti kama ya mvua nyepesi, lakini paa halikuvuja. Nikatoka nje. Mbingu ilikuwa inatembea! Senene walikuwa wanashuka wengi hata mwanga wa alfajiri ukawa wa kijani, wakajaa migombani, kwenye mibuni, mgongoni mwa mbuzi, kwenye nywele zangu. Hakuna aliyewapanda, hakuna aliyewalisha. Wanawake walikwisha kukimbilia rweya, ule uwanda wa majani nje ya kijiji, wakiitana majina. Nyumba yenye msiba haikutarajiwa kwenda, lakini Mama alifunga kitenge, akachukua kikapu, nikamfuata. Aliwakamata bila kusema, mikono yote miwili, umande ukimlowesha hadi magotini. Kikapu kilipojaa hakwenda jikoni. Alikwenda kaburini, akamwaga wote hai juu ya udongo, fungu la mwanamume wa nyumba. Wakatulia kidogo, kisha wakaruka wote kwa pamoja, wakatupita usoni na kwenda juu. Mama akawafuata kwa macho, kinywa wazi kama mtoto. Tata alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Waitu Mungu," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya kutu, "kwa hawa nakushukuru. Kwa yule sikushukuru."

Nikamtazama Tata, nikingoja radi. Alivua kofia yake. "Amina," akasema. Jioni ile Mama aliitikia rozari, nami nikaweza kuitikia kwa sauti yangu ya kawaida.

Leo naishi Kitendaguro na mjukuu wangu Anitha. Siku hizi senene wanategwa kwa taa kali na mabati, wanauzwa mjini kwenye pakiti, na wanawake tunakula. Anitha amezaa watoto wawili wenye vichwa vya mviringo kabisa. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Nami nimezika: Ansila, kisha wanangu Novatus na Jeneroza. Msimu ukifika, sahani ikiwa mezani, nasali kama Mama, yote mawili, la kushukuru na la kutoshukuru. Mwaka huu Anitha alichoka kuvumilia. "Bibi, hilo la pili unamwambia kila mwaka. Ina maana hajasikia?"

"Amesikia," nikamwambia. "Namngoja ajibu. Sasa sema Amina, chakula kinapoa."

Akasema. Nje senene walikuwa wanagonga mabati yetu, wengi, wengi, kama mtu anayebisha hodi.