Barua ya Mtoto Asiyesikia

Harufu ya maranda ya mwerezi ndiyo iliyokuwa harufu ya baba. Alifanya kazi katika kiwanda cha mbao kule Shume, na kila jioni harufu ile iliingia jikoni kabla yake, ikafunika hata moshi na kabichi iliyokuwa ikichemka. Sisi wengine tulisikia buti zake kwenye kokoto. Mdogo wangu Damari hakusikia buti wala mlango, lakini pua ilimwambia, akawa wa kwanza kugeuka na kujipangusa mabega mara mbili, kama mtu anayeondoa maranda. Hilo lilikuwa jina la baba katika lugha yetu ya mikono. Kutafuna kidole ilikuwa muwa. Kujikumbatia ilikuwa baridi, neno tulilolitumia kuliko yote mwezi wa saba, ukungu unapokaa mlimani siku nzima. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, yeye minane, na sikuona kwamba kuna kitu kimepungua.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na agizo lilikuwa limetoka kwamba kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe shule. Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, akaandika jina la Damari bila kuuliza lolote. Mama akamshonea sketi. Baada ya wiki tatu mwalimu mkuu alimrudisha nyumbani mwenyewe, amemshika mkono. Hakuwa mtu mbaya. Darasa lake lilijaa hadi madirishani. "Mama Ester," alimwambia mama, akimwita kwa jina langu, "huyu nikimfundisha ananitazama tu na kutabasamu. Zipo shule za watoto kama yeye. Iandikieni barua ofisi ya elimu, muombe." Mama akauliza shule hizo ziko wapi. Mwalimu akatazama chini, akasema zipo tu.

Mama alijua kusoma Biblia lakini kalamu ilimpa shida, na Kiswahili cha ofisini hakukiamini. Kwa hiyo alisema kwa Kishambaa, nami nikaandika. Alisema masikio ya mwanawe yalizibwa na homa kali akiwa bado ananyonya, na kwamba tangu hapo sauti haimfikii. Mimi niliyekuwa nikisifiwa darasani kwa insha niliona maneno hayo ni marefu, tena ya kishamba. Nikaandika: "Mwanangu hasikii kabisa. Tumejaribu kila njia hapa nyumbani tumeshindwa. Naomba apelekwe shule inayowafaa watoto wasiosikia." Nikamsomea, akaridhika, akatia sahihi yake ya herufi kubwa.

Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja na zaidi. Baba alilisoma kwa sauti, akasimama katikati, akaanza upya. Lilisema kwamba malezi ya mtoto mtukutu ni wajibu wa wazazi kwanza, kwamba taifa linajengwa na watoto wenye nidhamu, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. "Damari amefanya nini?" baba akauliza. Wote tukamgeukia Damari, aliyekuwa akimenya maharage. Alipoona anatazamwa, akatuchekea. Nilitafuta kichwani kosa lake na sikulipata. Mama ndiye aliyeniambia nirudie kwa Kishambaa kila neno nililoliandika, moja moja. Nilipofika kwenye "hasikii" nilijisikia nikipata joto usoni, ingawa bado sikuelewa vizuri ni kwa nini. Mama hakunipiga wala kunikaripia. Alisema tu, "Kesho kutwa tunakwenda Lushoto, sisi watatu."

Tulishuka kwa lori la kabichi. Ofisini nilimwamkia karani shikamoo, mama akamwekea barua mezani, na yule kijana akaisoma kisha akamtazama Damari kwa ukali. "Ndiye huyu mtukutu?" Mama alimgeuza Damari aangalie ramani iliyobandikwa ukutani, akatoa kikapuni mfuniko wa sufuria, akaupiga kwa kijiko kikubwa karibu kabisa na kisogo cha mtoto. Karani aliruka kitini. Mtu wa chumba cha pili akauliza kwa sauti kuna nini. Damari aliendelea kufuata mito ya ramani kwa kidole chake.

Karani akaweka kalamu chini. "Kumbe ni kiziwi. Samahani sana, mama." Kisha akatueleza polepole: kwanza hospitali, mganga ampime masikio na aandike alichokiona, pili mwalimu mkuu naye aandike jinsi mtoto alivyoshindwa kufuata darasani, tatu barua mpya ya mzazi, yenye umri wa mtoto na ugonjwa uliomziba masikio. Zote tatu ziletwe pamoja, na nakala zibaki nyumbani. "Na msiandike hasikii. Andikeni kiziwi."

Mama alikataa. Kijijini kwetu neno hilo lilikuwa la kutaniwa nalo mtoni. "Hakuna jina jingine?" aliuliza.

"Kwa ofisi, mama, hilo ndilo linalofungua mlango."

Niliandika mimi, hapo hapo, kwa kalamu ya karani. Mama alitazama dirishani mpaka nilipomaliza.

Tulipeleka karatasi zote tatu, na mvua zilipoanza ilikuja barua ya pili: nafasi imepatikana katika shule ya bweni, mwendo wa siku mbili kwa treni. Nilidhani mama angefurahi. Alilia, akaenda kupalilia akilia. "Kwani si tuliomba?" nilimuuliza baba. "Tuliomba," alisema. Mikono yetu haikuwa na neno la mbali, wala la mwaka, wala la kurudi, kwa hiyo Damari aliondoka akidhani anakwenda sokoni na baba. Kituoni Mombo kulikuwa na joto la kukausha mate. Nilitaka kumwambia kitu kupitia dirisha la behewa, nikajikuta nimejikumbatia, neno la baridi. Akanitazama kwa mshangao, treni ikaondoka.

Alirudi likizo akiwa na mikono yenye kasi, imejaa maneno ambayo hayakuwa yetu. Alimfundisha mama machache. Mimi nilikuwa nimekaribia mtihani wa darasa la saba, nikaona nitajifunza baadaye.

Siku hizi mambo ni mepesi kidogo. Mwaka jana jirani yangu alikuja na fomu ya mwanawe, na shule anayoombewa ina kitengo cha viziwi ambako mtoto husoma mchana na kurudi kwao jioni. Nimestaafu ualimu, basi nilimweleza kama karani yule alivyotueleza: hospitali, mwalimu, barua, nakala. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama ilikuwa sawa kumpeleka mdogo wangu mbali vile. Nilimwambia nitamuuliza mwenyewe. Damari sasa anafundisha ushonaji Korogwe, na alipokuja Krismasi nilimpa swali hilo kwenye karatasi, kwa kuwa lugha yake ya mikono sikujifunza, na hadi leo karatasi ndiyo lugha yetu. Alilisoma, akachukua kalamu yangu. Akaandika: "Mimi nilikwenda kujifunza. Ninyi mliobaki, mlikuwa mnangoja nini?"