Kanda ya Mwethya

Tangu mwaka wa tisini na saba Mwikali alikuwa amekwisha kumdharau Bwana Mwangangi. Alimwamkia tu kwa sababu ndiye mwalimu mkuu wa shule yao ya upili pale Kathiani. Kila mkutano wa walimu, mahubiri ni yale yale: kuwaonyesha wanafunzi kanda ya video iliyonakiliwa ni wizi, kazi ya mtu ni jasho lake. Domo tupu.

Jasho alilijulia wapi? Kanda ya kufundishia uchimbaji wa matuta aliipiga Mwikali, kwa kamera ya kuazima, akishinda juani na akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu. Walimkubalia kwa sharti moja, kwamba majina yao yatangulie. Akawaahidi. Akiwavunjia ahadi, mashambani kwao asingekanyaga tena.

Siku ya wazazi akina mama wakaja kujiona. Mwangangi akasimama mbele ya wakaguzi wa wilaya, tai imemkaba, kifua mbele.

"Hii kanda nimepiga mimi mwenyewe," akasema. "Kila picha."

Televisheni ikawaka. Majina yote yalikuwa yamefutwa, limebaki la Mwangangi peke yake, kubwa. Kumbe kanda alimpelekea fundi kule Machakos mjini, bila haya. Akina mama wakageuka kumtazama Mwikali, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Lakini mvivu ni mvivu tu. Mwangangi alikuwa ameiba kitu asichokitazama hata mara moja. Kwenye televisheni akatokea mama mmoja amewapa watu mgongo, ameinama mtaroni, nguo ameikunja hadi magotini, anatupa udongo juu. Alikuwa Wanza, mama mkwe wake Mwangangi. Na Ukambani mama mkwe ukimwona njiani unaingia kichakani, apite.

Wanza, aliyeketi pale pale ukumbini na wenzake, akajitanda leso usoni, akamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika, "Niulizie huyo mtu. Akinipiga hiyo picha, alikuwa amesimama wapi?"

Mwangangi aliangalia sakafu.

"Si mimi nilipiga," akasema. "Ni Mwalimu Mwikali."

"Hatujasikia huku nyuma," akasema mkaguzi.

Akarudia. Mwikali akapita mbele yake bila kumtazama, akasimamisha kanda, akaanza kutaja majina ya akina mama, la kwanza Wanza.