Mwaka Huu Nani Anajenga?

Watu wakiniuliza ninafundisha nini, huwa nawajibu kwamba ninafundisha usimamizi wa vipaji na utamaduni wa taasisi, kisha nasubiri wabadilishe mazungumzo. Mara nyingi wanabadilisha. Shangazi yangu, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, aliwahi kuniuliza kama kweli kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Nilipomwambia wapo, alisema Mungu ni mwema, akaendelea kumenya ndizi.

Ukweli ni kwamba nilisoma mambo haya kwa hasira. Wenzangu husema walivutiwa na somo. Mimi nilikuwa na ugomvi na mtu mmoja mwenye tai, na kwa kuwa nilishindwa kumjibu siku ile, nilikwenda kutafuta shahada.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mablanketi mjini Arusha, enzi hizo kiwanda kikiwa mali ya umma. Nyumbani kwetu ni mlimani Meru, kwenye migomba na kahawa, na kila alfajiri basi la wafanyakazi lilipita barabara ya chini kumchukua. Mashine za kufuma zilikuwa nzee kuliko nchi yenyewe. Baba alikuwa akisimama mlangoni, anazisikiliza kidogo, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye ile inayoumwa. Mama alisema anazijua kuliko anavyowajua watoto wake, na hakuwa anatania.

Katika korido ya kwenda kwa meneja kulikuwa na ukuta wa picha. Kila Mei Mosi kiwanda kilimtangaza mfanyakazi bora, kikampa bando la mabati, na picha yake ikatiwa kwenye fremu na kutundikwa pale. Nilipokuwa mtoto nilitaka picha ya baba iwe kwenye ukuta ule kuliko nilivyotaka viatu, na viatu nilivihitaji. Kila Mei Mosi nilikwenda uwanjani nimepakwa mafuta mpaka magotini, tayari kushangilia. Kila mwaka lilitajwa jina la mtu mwingine, na nilirudi nyumbani nimenuna, nikiamini baba yangu ni fundi wa kawaida tu.

Baadaye sana ndipo nilipojua utaratibu. Mwishoni mwa Aprili wafanyakazi walikaa kantini wakati wa chai, na msimamizi wao akauliza swali moja: "Mwaka huu nani anajenga?" Aliyekuwa anajenga ndiye aliyekuwa bora. Wakitokea wawili, bora alikuwa yule ambaye mvua imemkuta hana paa. Jina likishapatikana, karani aliliandikia sababu za kupendeza: bidii, nidhamu, kuwahi kazini. Meneja alisaini bila kuuliza. Naye, kabla hajapanda cheo, aliwahi kuwa bora mwaka aliokuwa akijenga.

Jina la baba lilitajwa kila mwaka, na kila mwaka alilikataa. "Mimi bati ninalo," alikuwa akisema. "Mpeni mwenzangu." Bati alikuwa nalo kweli. Babu aliezeka nyumba yetu kwa kahawa, wakati kahawa ilikuwa bado inaezeka nyumba.

Mmoja wa waliotundikwa ukutani alikuwa mtu wa Oldonyo Sambu, mpakiaji wa marobota, mpole sana na mzito sana. Ukame ulipommalizia ng'ombe aliamua kujenga nyumba ya kudumu, na mwaka huohuo akawa mfanyakazi bora. Alikuwa na tabia ya kusinzia nyuma ya marobota. Katika picha yake macho yamefumba, na sisi tuliomjua hatukumlaumu mpiga picha.

Kisha likaja soko huria. Mablanketi ya nje yakajaa madukani, kiwanda kikasuasua, kikauzwa kwa mwekezaji. Ikatangazwa kwamba baadhi ya watu watapunguzwa. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na sina kazi, nikapata kibarua cha kumsaidia mshauri aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kupendekeza nani abaki. Huyo ndiye mtu mwenye tai. Nilimwambia mapema kwamba baba yangu ni fundi mlemle kiwandani. Alisema vizuri, basi sitapotea njia.

Asubuhi ya kwanza nilimpitisha kwenye ile korido. Akasimama mbele ya picha.

"Dada, hawa ni akina nani?"

"Wafanyakazi bora."

"Wa miaka yote hii?"

"Ndiyo."

Alifurahi waziwazi. "Basi nusu ya kazi imekwisha. Hawa wanabaki. Tutaanza kuwachuja waliosalia."

Jioni nilimkuta baba shambani akiuwekea mhimili mgomba uliolemewa na mkungu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

Nikamweleza yote. Nikamwambia kesho nitamfafanulia yule bwana jinsi watu walivyofika ukutani.

"Ukimfafanulia, atawafanya nini walioko pale?"

"Atawapima upya."

"Atawatoa."

"Baadhi."

"Na yule wa Oldonyo Sambu?"

Nikamshikia mgomba.

"Huyo hata mimi ningemtoa," baba akasema. "Na ana watoto wadogo. Mwache mwenzako apumue."

Sikumtii. Siku iliyofuata nilimweleza mshauri kila kitu: kantini, swali la msimamizi, sababu za kupendeza za karani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, jambo ambalo liliniudhi zaidi baadaye.

"Unaniambia kiwanda kizima kilikuwa kinadanganya miaka yote hii?"

"Hakikuwa kinadanganya. Kilikuwa kinaezeka nyumba."

"Na aliyekuwa bora kweli ni baba yako."

"Ndiyo."

"Dada," alisema, na hata sauti hakuipandisha, "ni baba yako. Hata mimi ningesema hivyo kwa wangu."

Mkononi mwake alikuwa na ukuta mzima wa ushahidi, na mimi nilikuwa na undugu. Majina yalipobandikwa, baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Walioko ukutani walibaki wote, pamoja na aliyefumba macho.

Baba alirudi na ovaroli yake ameikunja kwapani. Aliifua mwenyewe, akaianika, akasema, "Sasa nimepumzika." Kesho yake alfajiri alishuka mpaka barabarani kama kawaida. Basi lilipopita aliinua mkono, na wenzake wakampungia madirishani. Alifanya hivyo msimu mzima wa mvua. Mimi niliona uchungu ambao sijawahi kuuona tena, na nililia jikoni hadi mama akaniambia nitoke nje, nisisingizie moshi.

Mtu wa Oldonyo Sambu alianza kuja kwetu kila Krismasi na mbuzi. Alikuwa anakaa na baba uani, wanakunywa chai, maneno machache. Baba alimuuliza mashine ya kona inaendeleaje. Mgeni alijibu kwamba hajui, yeye ni wa marobota. Baba alisikitika, na Krismasi iliyofuata akamuuliza tena.

Mimi nikaenda kusoma. Shahada ya pili, kisha ya tatu, zote kwa ajili ya bwana mmoja ambaye nadhani alishanisahau. Tasnifu yangu inaeleza kwa kurasa nyingi kwamba taasisi inaweza kuwajua watu wake vizuri kabisa na ikaandika kitu kingine. Watahiniwa wangu hawakuuliza lolote kuhusu mabati, samahani, watahini wangu. Hasira hunivuruga hata leo.

Nilipata kazi ya kufundisha chuoni, hapahapa Arusha, na jambo la kwanza nililofanya ni kutunga vigezo vya mfanyakazi bora. Vilikuwa vikali na vinavyopimika. Nilihakikisha kwamba katika chuo chetu hakuna mtu atakayekuwa bora kwa sababu ya kujenga. Niliona nimemlipia baba kisasi, ingawa sikujua nimelipiza kwa nani.

Miaka ikapita, na Mei Mosi moja nikatangazwa mimi. Fremu ikatoka, na bando la mabati likatoka. Nilimfuata mwenyekiti wa kamati, Mchaga mmoja makini asiyependa utani.

"Mlinipima kwa vigezo vipi?"

"Vilevile vya kwako, Dokta." Akafikiri kidogo. "Ila tuliangalia pia idara ambazo hazijawahi kupata."

Jumamosi nilipanda mlimani na ile picha. Nilikuwa na haraka ya kitoto kabisa. Nilitaka baba aone kwamba hatimaye mtu wa nyumba yetu amefika ukutani. Alikuwa amezeeka, macho yamepungua nguvu. Akaisogeza picha mlangoni kwenye mwanga, akaitazama sana.

"Umetoka vizuri," alisema. "Macho wazi." Kisha akauliza, "Na hapo chuoni, mwaka huu nani anajenga?"

Nilimjua. Alikuwa msaidizi wangu wa kufundisha, mama mwenye watoto, aliyepandisha kuta Elerai na kufunika chumba kimoja kwa turubai. Siku za mvua alichelewa kazini, na vigezo vyangu vilimkata alama kwa hilo. Nilimtaja.

"Basi mabati mpelekee yeye," baba akasema.

"Nitampelekea, baba. Na picha nitaiondoa, tuweke yake."

"Hapana. Picha usitoe." Alikuwa bado ameishika kwa mikono miwili. "Mimi bati nilikuwa nalo, mama. Picha niliitaka."

Mabati yalikwenda Elerai Jumatatu. Picha haikurudi chuoni. Baba aliomba itundikwe sebuleni, chini kidogo, mahali anapoiona akiwa amekaa.