Kosa la Loretta Prusak

Loretta Prusak alikuwa na miaka hamsini na minane, na katika karakana yetu kule Maryland hakuna aliyemzidi kwa kuandika programu za kuongozea vyombo vya angani. Tulikuwa tunaunda chombo cha kuifuata setilaiti iliyoishiwa mafuta, kuishika kwa mkono wa roboti na kuijaza huko huko juu, bila mtu ndani.

Jumanne moja tulijaribu mfano wa chombo hicho ukumbini, ukielea kwa nguvu ya hewa juu ya sakafu laini. Ulitakiwa kuisogelea setilaiti ya bandia polepole kuliko konokono. Badala yake ukaanza kupinda, na kila ulipojisahihisha ukazidi kupotea, hadi ukaigonga. Mkono wa roboti ukavunjika.

"Wendell, umefanya nini?" akafoka meneja wetu, Ostrander.

Wendell Tackett ndiye aliyesimamia jaribio. Alikuwa mgeni, ana miezi mitatu tu. "Bosi, nimefuata utaratibu, naapa."

"Leseni ya udereva ulipewa na nani, wewe?" mtu akatania. Watu wakaangua kicheko. Loretta, aliyekuwa nyuma ya Wendell, naye akacheka.

Mchana akaifungua programu yake. Pembe ya kamera, aliyoiandika mwenyewe, ilikuwa na alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Chombo kiliamini kiko kushoto, kumbe kiko kulia. Akairekebisha, akafunga kompyuta, akanyamaza.

Wendell akaondolewa kwenye majaribio, akapelekwa stoo kupanga nyaya. Alhamisi alikutana na Loretta kantini, akamvutia kiti.

"Kaa, mama. Wewe peke yako hujanicheka."

Loretta akaisukuma kando sahani yake. Hakuweza kumtazama.

Ijumaa akasimama kikaoni, uso umeiva kwa aibu hadi masikioni. "Kosa lile ni langu. Nalijua tangu Jumanne."

"Na ukanyamaza?" Ostrander akauliza.

"Nikanyamaza. Niliogopa mtasema nimezeeka."

Wendell hakupaza sauti. "Kukosea tunakosea wote, Loretta. Lakini ulikuwa unapita pale stoo kila siku, unaniona." Akatoka nje.

Jumatatu Wendell alirudishwa kwenye majaribio. Mkono mpya ulipofungwa, mfano ukaishika setilaiti bila kutikisika, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Loretta alikuwa nyuma kabisa, mikono mfukoni. Hakuna aliyemsimanga, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mpaka anastaafu, kila programu aliyoiandika alimpelekea Wendell aikague kwanza, na Wendell aliikagua mstari kwa mstari.