Mheshimiwa Achimba Kaburi Mwamapalala

Niliondoka Mwanza alfajiri kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa amefariki kijijini Mwamapalala, na mjomba, mbunge, alitaka msomi asome wasifu wa familia msibani. Msomi huyo ni mimi. Nina stashahada ya uhasibu ya ng'ambo, niliyojilipia kwa kuosha vyombo, na tangu biashara huria ianze nina duka la vipuri. Hata gari nililosafiria na mjomba lilikuwa langu.

Nassa tulisimama kununua samaki. Mjomba aliwapungia wauzaji mkono. Alianza kwa udiwani, akajenga josho la ng'ombe. Kisha vipindi viwili bungeni, ambako alitetea wanunuzi binafsi wa pamba.

"Yaseme yote," aliniambia. "Watu husahau."

Bariadi tulinunua dume la kuchinja, likatangulia kwa pikapu ya kukodi. Watu walimsalimu Mheshimiwa barabarani. Nilishusha kioo na mimi nionekane.

Mwamapalala tulifika jua likiwa kali. Uani walikuwapo mama zangu wadogo tu, wakilia. Kaburi halijaguswa. Wanaume wa kijiji walikaa ng'ambo ya barabara, majembe kando yao.

"Mwadila, bhabha," mjomba alimsalimu Mzee Masanja, mwenyekiti wa kitongoji.

"Mwadila, Mheshimiwa. Pole na msiba wako."

"Mbona hamjaanza kuchimba?"

"Tunamsubiri dereva wako." Wenzake wakacheka chini chini. "Si ndiye unayemtuma na bahasha kila tukifiwa? Leo achimbe."

Kwetu asiyechimba makaburi ya wenzake huchimba la nyumbani kwake peke yake. Mjomba alilijua hilo tangu utotoni. Nami nililijua, na bahasha zangu za rambirambi zilisafiri na dereva huyohuyo.

"Soma wasifu," mjomba alininong'oneza.

Nikasoma. Kwenye josho mtu aliitikia, "Hilo kweli." Kwenye pamba mama mmoja akauliza, "Na malori yao mbona huku hayafiki?" Nilipofika kwenye stashahada yangu sikuisoma. Nikakunja karatasi.

Mjomba alivua koti. Tukachimba wawili, kwenye ardhi nyeusi ya mbuga iliyokauka kama tofali, huku marehemu akisubiri ndani kwenye joto.

"Mheshimiwa, jembe halina kipaza sauti!" mwanaume mmoja alipiga kelele.

"Na huyo wa ng'ambo anakoroga uji!"

Shimo lilipofika magotini mjomba alikaa chini, akashindwa kuinuka. Mzee Masanja akavuka barabara.

"Tokeni. Mama huyu alitupikia misiba yote. Tunamzika yeye, si nyinyi."

Walichimba upesi, wakamzika kwa heshima. Mjomba alisimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa.

"Karibuni chakula, ndugu zangu."

"Tumeshiba, Mheshimiwa."

Wakaondoka na majembe yao. Hakuna aliyeonja hata mchuzi.

Jioni tulirudi Mwanza na nyama ya dume zima nyuma ya gari. Tulipopita Bariadi mjomba aliniomba nipandishe vioo. Karibu na Nassa alisema, "Ungewaambia na habari za barabara niliyowaletea." Malengelenge ya viganjani yalikuwa yamepasuka, usukani unachoma.

Baadaye nilisikia kuna msiba mwingine Mwamapalala. Nikafunga duka, nikaenda na jembe. Nilimwamkia Mzee Masanja. Alinigeuza viganja kwanza, akavitazama, ndipo akanionyesha pa kuchimba.