Friji Iliyofungwa kwa Kitenge

Mume wangu hakuwa na haja ya kunipigia simu kuniuliza umeme unaendaje nyumbani. Luku ya nyumba yetu ya Kilosa, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, alikuwa akiinunua yeye akiwa Mikumi, kwenye kibanda chake cha kuziba matairi ya malori kando ya barabara kuu, kisha ananitumia zile namba kwenye simu nami naziingiza kwenye mita. Kwa hiyo yeye ndiye aliyegundua kabla ya mtu mwingine kwamba mambo yameharibika. Zamani akinunua luku alikuwa anaisahau kabisa. Msimu ule wa joto akawa anainunua kama mtu anayenunua mkate.

Siku moja namba zilikuja na maneno chini yake: "Hiyo nyumba mnachomelea vyuma?" Nikacheka. Ujumbe uliofuata haukunichekesha. Aliandika kwamba friji ndiyo inayokula umeme, kwamba pale Mikumi kuna mtu wa duka la vinywaji anaitaka, na kwamba akija nyumbani mwisho wa mwezi atakuja na pikapu.

Lazima nieleze friji ile ilikuwa nini kwangu. Niliinunua mwenyewe, ya mtumba, ikiwa imeshachubuka mlango na haina taa ndani. Nilikuwa nauza barafu za ukwaju na za ubuyu kupitia dirisha la jikoni, pamoja na maji baridi kwa watu wa Chanzuru wanaorudi sokoni na baiskeli zao, na Kilosa kabla mvua haijanyesha ni mahali ambapo hata ukuta unatoka jasho. Hela ya dirishani ilikuwa hela pekee ambayo sikuiomba kwa mtu wala kumweleza mtu nimeitumiaje. Ningeweza kuishi bila televisheni, bila pasi, na siku za kazi nilikuwa naishi hata bila mume. Bila friji ningerudi kuwa mwanamke wa kusema "naomba hela ya chumvi", na hilo nililiogopa kuliko giza.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilitangaza vita na kila kitu chenye waya isipokuwa friji. Pasi niliifungia kabatini, nikaenda harusini na kitenge kilichokunjamana kama kimetafunwa na ng'ombe. Taa ya nje nikaizima, mgeni mmoja akajikwaa kwenye ndoo yetu na kunipa pole kwa kukatiwa umeme. Televisheni nikaichomoa ukutani hata ile taa yake ndogo nyekundu ikafa. Mita haikushtuka. Iliendelea kula kana kwamba sikufanya lolote.

Na gesi nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mtungi uliokuwa ukivuka mwezi ukawa unanikatikia katikati ya ugali. Nikahamishia maharage kwenye mkaa, nikaanza kuyaloweka usiku kucha, nikawa nafunika kila sufuria na kupunguza moto likishachemka. Ilisaidia kidogo. Lakini kwenye gesi sikuwa na fumbo lolote. Nilijua inakoenda, na nilikuwa nimejikataza hata kuiwaza. Gesi ilikuwa inapasha maji ya kuoga ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa ametoka Vidunda, kule juu mlimani, kuja kutibiwa macho. Macho yakapona, mimi nikamwomba akae, kwa sababu nyumba yenye mtu mmoja mchana kutwa inachosha na kwa sababu nilimpenda. Siku anamleta, mume wangu aliniambia, "Mama ametoka kwenye baridi." Hakusema zaidi, wala mimi sikuhitaji zaidi. Mkamwana anayemwacha mama mkwe aoge maji ya baridi atasemwa mpaka Msowero.

Basi kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikambebea ndoo mpaka bafuni ikiwa imejaa hadi ukingoni na kutoa moshi. Siku za mwanzo alikuwa anachelewa kuingia. Atashika ufagio, atachagua mchele, atakumbuka kumwagia maji mchicha. Mimi nikipita naingiza kidole kwenye ndoo, nakuta imepoa, narudi nayo mbio jikoni kuipasha upya. Ananiangalia tu, kisha anasema, "Ahsante, mwanangu." Baadaye akaacha kuchelewa. Akawa anaingia mara moja na kuoga kimya, kimya kabisa, husikii hata kopo. Nikajiambia huo ndio ustaarabu wa watu wazima. Mimi nikioga mtaa mzima unajua.

Alikuwa na sufuria lake kubwa lenye mfuniko, analiweka kwenye friji, rafu ya chini. Nilijua ni dawa. Wazee wa mlimani wana mizizi yao, na mtu aliyetibiwa macho hospitalini huenda anamalizia na yake mwenyewe. Sikuwahi kulifunua. Sufuria la mama mkwe likifunikwa, limefunikwa.

Tatizo ni kwamba sikio moja la sufuria lile lilikuwa linausukuma mlango. Friji haikufunga sawasawa, ulibaki upenyo wa kupitisha kidole. Mtu mwingine angesema lisogezwe. Lakini nilisogeze bila ruhusa? Au nimwombe alitoe, asikie kwamba vitu vyake vinabana nyumba ya mwanawe? Nilichana kipande cha kitenge cha zamani, nikauzungushia mlango na kufunga fundo. Upenyo haukwisha, ulipungua tu, ila mimi nilijiona fundi. Wateja wa barafu wakawa wananitania kwamba friji yangu imevaa mkanda, nami nawajibu kwamba ina heshima zake.

Jumapili moja mchana, baada ya kutoka kanisani, niliamua kuijua kweli. Nilizima kila kitu nikasimama mbele ya mita. Ile taa yake inayokonyeza ikatulia. Nikawasha pasi kwa muda, ikakonyeza kwa fujo, nikafurahi, nikaizima. Kisha nikawasha friji peke yake. Taa ikaanza kukonyeza na haikupumzika tena. Nilipika, nikala, nikaosha vyombo, nikarudi, bado. Mashine ya friji nayo ilikuwa inanguruma vile vile bila kunyamaza. Nikafungua sehemu ya barafu, nikakuta ukungu mzito wa barafu umeganda pande zote mpaka nafasi ya vifuko vyangu imebaki kama ya mkono. Na juu ya yote, siku hizo barafu zangu zilikuwa laini. Mume wangu alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyempatia ushahidi.

Niliumia. Nilikaa kwenye kigoda nikaiangalia friji yangu kama mtu anayeangalia ndugu aliyemwaibisha. Ningeweza kunyamaza, lakini umeme ule analipia yeye, akiwa amelala chini ya malori na jua la Mikumi mgongoni. Nikampigia, nikamwambia ni friji kweli, nadhani imezeeka.

"Si nilikwambia," akasema.

"Uliniambia. Sasa usiniambie tena," nikajibu, nikakata simu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua matembele. Alisikia yote. "Friji inauzwa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu ya umeme?"

"Ndiyo, mama. Inakula sana."

Akaendelea kuchambua, taratibu, bila kuniangalia. Nikadhani ananihurumia.

Jumamosi pikapu ilifika asubuhi, mume wangu amekaa mbele na dereva, kamba nyuma. Alinisalimia kwa upole wa mtu anayejua amekuja kufanya nini. Nilifungua lile fundo la kitenge, nikatoa barafu zangu za mwisho, nikawagawia dereva na watoto waliokuwa wanapita. Nikatoa nyanya, nikatoa mtindi. Likabaki sufuria la rafu ya chini. Hata siku hiyo nilikwenda kwanza kumwomba mwenyewe.

"Mama, naomba ruhusa nitoe dawa yako."

"Dawa gani?"

Mume wangu alikuwa ameshaliinua. Akaruka nyuma nusura alidondoshe, akalitua sakafuni na kupuliza vidole. "Mama, hili mbona la moto?" Na kwa kuwa yeye ni mtoto wake wa kumzaa, akalifunua. Nilinyoosha shingo kuona mizizi. Mlikuwa na maji matupu yanayotoa moshi.

"Ni ya kuoga," mama mkwe alisema. "Ya kesho."

Tukamwangalia wote wawili. Akaweka mikono mapajani, akamwelekea mwanawe, kwa kuwa lile lilikuwa gumu kuniambia mimi usoni.

"Baba, mkeo ananipa maji ya moto kila siku. Mimi Vidunda naoga ya mtoni tangu nimezaliwa, na huku joto lenyewe linaweza kuivisha ndizi. Nikiyaacha yapoe, anayachukua kuyapasha tena. Nikimwambia siyataki, nitakuwa nimemkataa. Basi naingia bafuni na sufuria hili, nabadilishana maji kwa beseni: ya jana yaliyopoa yanaingia kwenye ndoo, ya moto yanaingia humu. Ndoo inabaki imejaa, naoga kimya asinisikie nikishtuka kwa baridi, naye anafurahi."

Mume wangu aliangalia mtungi wa gesi pembeni ya jiko. Kisha akaiangalia friji. "Kwa hiyo huyu anachoma gesi kuyapasha," akasema taratibu, "na wewe mama unachoma umeme kuyapoza." Akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti, akacheka mpaka dereva akaja kuuliza kama kuna msiba.

Mimi sikucheka kwanza. Nilikuwa nakumbuka zile asubuhi zote, yule mama amesimama bafuni mbele ya moshi, anapoza ndoo yake kwa siri ili asinivunje moyo. Na upenyo wa mlango, na mvuke ulioingia kila siku ukaganda, na mimi na kitenge changu.

"Na wewe," mume wangu akaniuliza akifuta machozi, "mlango haufungi, kwa nini hukulisogeza hilo sufuria?"

"La mama?"

Akarudi kupuliza vidole vyake. Na yeye asingeligusa kama si kuuza friji.

Hata hivyo alikuwa ameshatoa ahadi kwa mtu wa Mikumi, na mume wangu akishatoa ahadi anakuwa mgumu. Alisema friji ni ileile, ya zamani, na kwamba afadhali iende tu tuwe na amani. Akamwita dereva washike pande mbili. Hapo mama mkwe akaingia chumbani. Alitoka amejifunga khanga ya safari na sufuria lake limekumbatiwa kifuani.

"Wapi tena, mama?"

"Mikumi. Kosa ni la sufuria langu. Friji ikipanda gari, na mimi napanda. Nitakaa dukani kwa huyo mtu, kila mteja nimweleze kwamba haina kosa."

Alisema bila kucheka hata kidogo, na alikuwa ameshavaa viatu. Mwanawe alimwangalia, akaniangalia mimi, akaachia friji. Akasema ibaki mwezi mmoja tuone. Pikapu ilirudi Mikumi na kamba zake tu, na dereva na kifuko cha barafu ya ubuyu mdomoni.

Mchana ule niliichomoa, nikaacha ukungu uyeyuke wenyewe kwenye mabeseni, nikafuta mpira wa mlango kwa maji ya sabuni, nikaisogeza mbali na ukuta ipate hewa. Mlango ukafunga bila mkanda. Jioni nilisimama tena mbele ya mita. Taa ilikonyeza, ikakonyeza, kisha friji ikajizima yenyewe na taa ikapumzika. Nilimwita mama mkwe aje aone, tukasimama wote wawili tukitazama taa isiyofanya kitu.

Kesho yake asubuhi nilimwamkia, akaitikia, nikachota maji kwenye pipa yakiwa baridi vilevile. Mikono iliona aibu. Nilihisi nampelekea mgeni kiporo. Nikatua ndoo bafuni na kusimama nje ya mlango na khanga yake begani, tayari kukimbia jikoni kama atabadili mawazo.

Nikasikia kopo la kwanza likimwagika, yeye akavuta pumzi kwa nguvu, halafu la pili, la tatu, maji yakipiga ukuta na kutiririka mpaka miguuni kwangu. Kisha akaanza kuimba, kwa lugha ya kwao, kwa sauti ambayo jirani alitoka nje kuisikiliza. Nilisimama pale nikilia na kucheka. Nyuma yangu jikoni friji ilikuwa imenyamaza. Miezi yote ile nilimpashia mama maji ya kuoga, na siku ile ndiyo kwanza nilimsikia akioga.